Habari za Mteja: Zinavyoandikwa na Zinavyounganishwa

Muuza duka katika mtaa wowote wa Bagamoyo, uwe Dunda au Magomeni, anawajua wateja wake kuliko wanavyodhani. Anajua nani hununua mafuta ya kupima na nani hununua chupa nzima. Anajua mwezi ukikaribia mwisho ni nyumba ipi huanza kuchukua mali kauli. Akiona mzee fulani ameacha ghafla kununua sukari, hukisia kwamba ametoka hospitali na amepewa masharti. Habari hizo zimo kichwani mwake, na sehemu ndogo imo katika daftari la madeni chini ya meza. Hakuna anayeona ajabu, kwa kuwa biashara haiendi bila ya muuzaji kumjua mnunuzi.

Basi inaposemwa kwamba kampuni za simu, mabenki na wenye programu za mikopo hukusanya habari za wateja, watu wengi huuliza: kuna jipya gani? Swali hilo ni la haki na linastahili jibu lenye hoja. Daftari la muuza duka lina sifa ambazo hazijaandikwa popote lakini kila mtu anazijua. Mteja huliona likiandikwa. Akitilia shaka hesabu, huomba lifunuliwe, nayo hubishaniwa hapo hapo mbele ya mashahidi. Deni likilipwa, mstari hupigwa juu ya jina, na baada ya mwaka mmoja au miwili karatasi za daftari lenyewe huishia kufungia karanga. Isitoshe, daftari hilo halitoki dukani. Muuza duka hajui mteja wake amempigia nani simu usiku, wala amelipa nini katika duka la dawa. Kila mfanyabiashara ana kipande chake cha habari, na vipande hivyo havikutani.

Jambo jipya ni kwamba sasa hukutana. Kifaa kinachovikutanisha ni kile ambacho karibu kila mtu mzima hukibeba mwenyewe, hukichaji kwa gharama yake, na hulala nacho karibu na mto.

SIMU HUJULIKANAJE ILIPO

Simu ya mkononi haiwezi kufanya kazi pasipo kujulikana iko wapi. Hiyo si hila ya kampuni. Ni sharti la ufundi. Mtu akipigiwa, mtandao hauwezi kumwita katika minara yote ya nchi kwa wakati mmoja. Hauna budi kujua yuko katika eneo la minara ipi. Kwa sababu hiyo simu iliyowashwa hujiarifu kwa mtandao kila inapohama eneo, na pia kila baada ya muda fulani, hata ikiwa imetulia mfukoni.

Katika mfumo wa GSM, ambao ungali ukitumiwa na simu ndogo za vitufe, mnara hupima hata umbali. Simu nyingi hutumia wimbi moja kwa zamu, na ujumbe wa kila moja lazima ufike mnarani katika nafasi yake. Kwa hiyo simu iliyo mbali huamriwa itangulie kidogo kutuma. Utangulizi huo hupimwa kwa hatua za mikrosekunde 3.69. Mwanafunzi aweza kuikamilisha hesabu mwenyewe: mawimbi ya redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, katika mikrosekunde 3.69 huenda mita 1,107. Na kwa kuwa safari ni ya kwenda na kurudi, nusu yake ni mita 550 hivi. Hatua zilizowekwa ni 63, nazo zikizidishwa kwa 550 hukaribia kilomita 35. Ndiyo sababu mvuvi aliye katika ngalawa huweza kuongea na watu wa nyumbani akiwa mbali na ufuko, na ndiyo sababu pia akivuka mpaka huo mtandao humpotea, ingawa bahari ni shwari na hakuna kinachoyakinga mawimbi.

Simu za kioo cha kugusa zina chombo kingine, yaani kipokezi cha setilaiti, ambacho huonyesha mahali kwa kosa la mita chache tu. Hapa ipo tofauti ambayo aghalabu husahauliwa. Habari ya mnara iko mikononi mwa kampuni ya simu, ambayo ina leseni na yajulikana ofisi zake zilipo. Habari ya setilaiti iko ndani ya simu yenyewe, na huweza kuchukuliwa na programu yoyote iliyoruhusiwa na mwenye simu, awe alielewa anachokiruhusu au hakuelewa.

Maongezi yakimalizika, mtandao huandika mstari mmoja kwa ajili ya hesabu ya malipo: namba iliyopiga, namba iliyopigiwa, saa, muda, mnara uliotumika, na namba ya utambulisho wa chombo chenyewe, yenye tarakimu 15, ambayo mwenye simu aweza kuiona kwa kubonyeza *#06#. Maneno yaliyosemwa hayamo. Watu wengi hutulia wakisikia hivyo, lakini kama itakavyoonekana, hawana sababu kubwa ya kutulia.

Zamani mstari huo haukuwa na jina, maana laini ilinunuliwa kama kiberiti. Nchini Tanzania usajili kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na baada ya tarehe 20 Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kufungwa. Sababu za usajili zina uzito: kila mtu anamfahamu aliyewahi kupokea ujumbe wa tapeli wa kwamba ile hela itumwe kwa namba hii. Hata hivyo, matokeo yake ni kwamba kila namba sasa imefungamana na mtu aliyethibitishwa katika masjala ya Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa. Namba ya kitambulisho hicho ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mtu anayeiandika katika kitabu cha wageni, au anayeacha nakala iliyoharibika katika duka la fotokopi, ameacha pia tarehe yake ya kuzaliwa.

SIKU MOJA YA MCHUUZI

Na achukuliwe kwa mfano mchuuzi wa samaki wa kubuni, mwanamke wa makamo anayekaa Bagamoyo mjini. Alfajiri huenda ufukoni, karibu na lilipo jengo la forodha ya zamani, ambapo dalali hunadi samaki. Humlipa kwa simu, kwa kuwa hataki kutembea na fedha. Hupanda gari kuelekea Dar es Salaam, hupita Kerege na Mapinga, huuza sehemu ya samaki Bunju na sehemu Tegeta. Wateja wake wenye vibanda vya chakula humlipa kwa simu pia. Saa tisa hununua bando, humpigia binti yake, hurudi.

Kampuni ya simu ina orodha ya minara aliyoipitia. Huduma ya fedha ina kiasi alicholipa alfajiri na kiasi alichopokea mchana, hivyo kutoa moja katika nyingine ni kujua faida yake kuliko anavyoijua mumewe. Mnara wa usiku huonyesha anakolala. Minara ya Ijumaa na Jumapili huashiria dini yake. Ikiwa namba yake huonekana asubuhi kucha upande wa hospitali kila mwanzo wa mwezi, hilo peke yake halisemi kitu, maana eneo la mnara ni pana na soko liko karibu. Lakini likiwekwa pamoja na malipo ya maabara yaliyofanywa kwa namba ya malipo siku ile ile, huwa ni habari kamili, na ni habari ambayo hajamwambia hata dada yake.

Hapa hakuna siri iliyoibwa. Hakuna mtu aliyesikiliza maongezi yake wala kufungua barua yake. Kila kipande aliandikiwa kihalali, kwa sababu ya kazi iliyoeleweka: kuunganisha simu, kulipa, kutoa risiti. Habari mpya imezaliwa katika kuunganisha, kama vile mwanafunzi wa kemia anavyochanganya vimiminika viwili visivyo na rangi akapata chenye rangi. Mwenye kulinda faragha yake kwa kuficha jambo moja moja anapigana vita ambavyo vimekwisha hamia uwanja mwingine.

KUONDOA JINA HAKUTOSHI

Kampuni hujibu kwamba habari zinapotumiwa kwa uchunguzi au kuuzwa, majina na namba za simu huondolewa. Jibu hilo lina kweli ndani yake, na limeleta manufaa. Mwaka 2009 ulichapishwa uchunguzi wa wanasayansi waliotumia kumbukumbu za simu za kampuni ya Zantel, za miezi mitatu ya mwisho wa 2008, ili kujua wakazi wa Zanzibar husafiri wapi na hivyo hurudi na malaria kwa kiasi gani. Simu zilizohusika zilikuwa 770,369, zote bila majina. Ilionekana kwamba safari nyingi zilikuwa za siku chache na sehemu kubwa zilielekea Dar es Salaam. Kisiwa kinachojitahidi kutokomeza malaria hakiwezi kupata habari kama hiyo kwa kuuliza abiria bandarini.

Lakini je, asiye na jina hawezi kutambuliwa? Hesabu yasema vingine. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika Tanzania. Ikiwa kila swali la ndiyo au hapana hugawa kundi katikati, maswali mangapi yatosha kumfikia mtu mmoja? Mbili kwa kipeo cha 25 ni 33,554,432, nayo haitoshi. Kwa kipeo cha 26 ni 67,108,864. Kwa hiyo maswali 26 yaliyochaguliwa vizuri yatosha kumbainisha Mtanzania yeyote. Na habari za kawaida hujibu maswali mengi kwa mkupuo. Mji wenye watu 100,000 ukigawanywa kwa jinsia hubaki watu 50,000. Tarehe kamili za kuzaliwa katika miaka 60 ni 21,900. Gawanya, na jibu ni watu wawili au watatu. Kwa hakika watu hawakugawanyika sawasawa hivyo, maana vijana ni wengi kuliko wazee, lakini mtaa ukitajwa, mara nyingi atabaki mmoja.

Marekani jambo hili lilidhihirishwa na Latanya Sweeney katika miaka ya 1990, alipokuwa mwanafunzi. Kumbukumbu za matibabu za watumishi wa jimbo la Massachusetts zilikuwa zimetolewa kwa watafiti bila majina. Yeye alinunua orodha ya wapiga kura wa mji wa Cambridge kwa dola 20, akalinganisha tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta, akaipata kumbukumbu ya gavana mwenyewe, William Weld. Watu sita tu mjini walizaliwa siku ile. Watatu walikuwa wanaume. Mmoja ndiye aliyekaa katika eneo lile la posta.

Mahali alipokuwa mtu hubainisha hata zaidi. Mwaka 2013 Yves-Alexandre de Montjoye na wenzake walichunguza kumbukumbu za simu za watu milioni 1.5 kwa miezi 15 katika nchi moja ndogo ya Ulaya. Walikuta kwamba nukta nne tu, kila moja ikiwa ni mnara na saa, zilitosha kumtofautisha mtu na wengine wote kwa watu 95 katika kila 100. Mchuuzi wa mfano wetu huzitoa nukta nne kabla ya jua la mchana. Abiria aliyekaa naye kutoka Bagamoyo hadi Bunju, akajua alikoteremka na saa ngapi, anazo mbili tayari.

ALAMA YA MKOPO

Kwa nini kampuni zitake kujua yote haya? Sababu mojawapo si mbaya hata kidogo. Mchuuzi hana hati ya nyumba, hana mshahara, na benki haina namna ya kumpima. Huduma ya M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008. Na mwaka 2014, baada ya Kenya kutangulia na M-Shwari mwaka 2012, ilianzishwa M-Pawa, iliyomwezesha mteja kuweka akiba na kukopa kwa simu bila kufika benki. Kompyuta hutazama mwenendo wa namba: imetumika muda gani, salio huongezwa mara ngapi, fedha huingia kwa utaratibu gani, mikopo ya nyuma ililipwaje. Kila jambo hupewa uzito wake, uzito hujumlishwa, na jumla huwa alama. Alama ikipita kiwango, mkopo hutoka kabla mtu hajaweka simu chini. Kwa aliyezoea kuzungushwa na mikopo ya kausha damu, hiyo ni nafuu kubwa, na mwenye kuilaumu teknolojia yote kwa pamoja hajawahi kutafuta mtaji wa siku moja.

Taabu iko katika kile ambacho alama haikioni. Watanzania wengi wana laini mbili au tatu za kampuni mbalimbali, kwa sababu ya bei za bando. Kila kampuni huona kipande na kukihesabu kama mtu mzima. Simu inayotumiwa na mama na watoto wake huonekana kama mtu mmoja mwenye tabia zisizoeleweka. Mwanamke aliyejifungua akapumzika miezi mitatu huonekana kama aliyefilisika. Na anapokataliwa, haelezwi sababu. Muuza duka akimnyima mtu mali kauli, angalau huulizwa uso kwa uso, naye hulazimika kutoa jibu ambalo mtaa utalipima.

DENI LA MTU MMOJA, AIBU YA WENGI

Palipoharibika zaidi ni katika baadhi ya programu za mikopo zinazopakuliwa katika simu. Programu ya namna hiyo, kabla ya kutoa hata shilingi 20,000, huomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina iliyo katika simu, pengine na ujumbe mfupi na picha. Mkopaji, ambaye ana mgonjwa au karo mbele yake, hubonyeza neno la kukubali. Deni likichelewa, ujumbe huenda kwa mkwe, kwa imamu, kwa mwalimu mkuu, kwa mteja wa samaki kule Tegeta, ukiwaarifu kwamba fulani ni mdaiwa sugu. Mtu aliyeko Kaole, ambaye hakukopa kitu wala hakubonyeza chochote, huambiwa amhimize mwenziwe alipe. Namba yake iliuzwa na urafiki.

Nchini Kenya, ambako sheria ya kulinda data ilipitishwa mwaka 2019, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 mnamo Septemba 2023, kwa kutumia majina na namba zilizopatikana kwa watu wengine ili kuwatumia watu vitisho. Siku hizo hizo shule moja ya Nairobi, Roma School, ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi wao. Waalimu wanaopiga picha za mahafali kwa ajili ya mtandao yafaa waikumbuke. Mwaka 2023 Google nayo ilizipiga marufuku programu za mikopo binafsi katika duka lake kusoma orodha za majina na picha. Nchini Tanzania Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali mwezi Agosti 2024, na Novemba mwaka huo ikatangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Programu hubadili jina upesi kuliko orodha inavyochapishwa.

Kuhusu matangazo ya biashara inatosha kusema machache. Kijana anapofungua ukurasa wa mtandao wenye matangazo, nafasi ya tangazo aghalabu hunadiwa katika muda unaokaribia sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kinachopelekwa kwa wanunuzi ni maelezo juu yake: aina ya simu, mahali alipo, kurasa alizopitia zilizokumbukwa kwa vidakuzi. Huo ni mnada kama ule wa samaki ufukoni, ila katika mnada wa ufukoni samaki huonekana, wanunuzi huonana, na dalali husikika na wote. Katika huu, wanaoshindwa mnada nao huwa wamekwisha yaona maelezo.

RIDHAA NI KITU GANI

Msingi wa biashara hii yote ni kwamba mteja amekubali. Wakazi wa Bagamoyo wana sababu ya pekee ya kulichunguza neno hilo. Kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara kilichoko mjini hapo kilikuwa mojawapo ya vituo 11, katika nchi saba za Afrika, vilivyoshiriki jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya 2009 na 2014, ambalo liliwahusisha watoto wachanga na wadogo zaidi ya 15,000. Hakuna mtoto aliyeingizwa kabla ya mzazi kuelezwa na kuridhia. Asiyejua kusoma aliweka alama ya kidole mbele ya shahidi. Mzazi aliambiwa faida na hatari, na kwamba aweza kujitoa wakati wowote bila mtoto wake kunyimwa matibabu. Kamati za maadili zilikuwa zimekwisha pitia kila karatasi.

Na ilinganishwe sasa ridhaa ya programu ya mkopo. Maelezo ni marefu, aghalabu kwa Kiingereza cha kisheria, nayo husomwa katika kioo chenye upana wa vidole vitatu. Hakuna wa kumuuliza. Kukataa jambo moja ni kukosa huduma yote. Kujitoa hakueleweki, kwa kuwa kilichokwisha nakiliwa hakirudi. Mama yule yule aliyeombwa idhini kwa nusu saa kabla ya tone la damu kutolewa kwa mtoto wake huombwa habari za maisha yake yote kwa kitufe kimoja. Wanasayansi walifundishwa ridhaa kwa makosa machungu ya karne iliyopita. Wafanyabiashara hawajafundishwa bado.

Wala isidhaniwe kwamba faragha ni wazo la kuletwa kutoka Ulaya. Nyumba ya pwani ina baraza kwa ajili ya mpita njia, ina ukumbi kwa ajili ya mgeni, na ina ndani kwa ajili ya wenyewe. Mtu hupiga hodi; asipojibiwa mara ya tatu huondoka. Aliyekaribishwa barazani hakukaribishwa chumbani. Faragha katika mila hii haina maana ya kuficha kila kitu. Maana yake ni kwamba kila habari ina mahali pake, na mwenye nyumba ndiye aamuaye ifike wapi. Mwanafalsafa Helen Nissenbaum wa Marekani aliieleza faragha kwa namna inayokaribiana na hiyo mwaka 2004, kwamba habari hudhuru inapotolewa katika mazingira ilimotolewa na kupelekwa katika mengine. Mtoto wa Bagamoyo hufundishwa hayo kabla hajaanza shule.

Sheria imeanza kufuata. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano huhifadhi maisha binafsi ya mtu, maskani yake na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa rasmi tarehe 3 Aprili 2024. Kwa sheria hiyo mtu aweza kudai kujua taarifa zake zinazoshikwa, kuzuia zisitumike kumtangazia biashara, na kupinga uamuzi uliofanywa na mashine peke yake. Akidhulumiwa, aweza kulalamika kwa Tume. Haki hiyo ya mwisho juu ya mashine ndiyo inayomhusu mchuuzi aliyenyimwa mkopo, lakini haiwezi kumfaa ikiwa hajui kwamba alipimwa.

ZOEZI LA DARASANI

Mwalimu awape wanafunzi 40 kadi ndogo zisizo na jina. Awaeleze shabaha ya zoezi, na asiyetaka asilazimishwe. Kila mmoja aandike jinsia yake, mwezi aliozaliwa, mtaa au kijiji anakotoka, na idadi ya ndugu zake. Kadi zipangwe kwanza kwa jinsia na mwezi, na zihesabiwe zile zilizobaki peke yake katika kundi. Kisha mtaa uongezwe, na hesabu irudiwe. Kisha idadi ya ndugu. Matokeo yachorwe katika grafu.

Kama jinsia, miezi, mitaa mitano na idadi nne za ndugu zingegawanyika sawasawa, jinsia na mwezi vingefanya makundi 24, na wanafunzi wapatao 8 wangekuwa peke yao. Kwa mtaa makundi yangekuwa 120, na walio peke yao 29. Kwa ndugu 480, na walio peke yao 37. Wanafunzi wa Kidato cha Tano na cha Sita waonyeshe kwamba idadi hiyo hupatikana kwa kuzidisha 40 kwa (1 − 1/m) kwa kipeo cha 39, ambapo m ni idadi ya makundi, na waeleze kwa nini matokeo ya darasa lao yametofautiana nayo.

Mwisho darasa lijadili hali ya mwanafunzi aliyekataa kujaza kadi. Rejesta ya darasa imo mezani kwa mwalimu, na kadi za wenzake wote zimekwisha pangwa. Ni yapi yanayoweza kujulikana juu yake, na ni nani aliyeyatoa? Mjadala ukiisha, kadi zichomwe moto mbele ya wote walioziandika.